Freddie Mercury: chali wa Unguja aliyeanza na masaa yaliyobaki

Kama umewahi kurekodi ngoma hapa Naivasha, hii maisha unaijua. Prodyuza anakuambia uje saa sita usiku, juu mchana studio iko na wateja wanaolipa. Unakaa kwa ngazi na chai imepoa mkononi, unangoja kwaya fulani imalize. Saa saba ndio unaingia, sauti imekauka, na ukipewa dakika arubaini unashukuru Mungu. Ukitoka asubuhi unapishana na mabasi ya wafanyakazi wa maua yakielekea South Lake. Wao wanaanza siku, wewe hata haujalala.

Shikilia hiyo picha, juu albamu ya kwanza ya Queen ilitengenezwa hivyo hivyo. London, mwaka wa 1972, usiku, kwa masaa ambayo wenye pesa hawakuyataka. Na chali aliyekuwa kwa maiki alikuwa amezaliwa Unguja.

Freddie Mercury unamjua. Filamu ya 2018 uliiona, ile ilimpa Rami Malek Oscar. Ile ngoma ya miguu na makofi unaisikia kila mechi. Lakini leo wacha tuanze na Freddie wa kabla ya masharubu, kabla ya viwanja kujaa, wakati hakuna mtu alikuwa anamngoja popote.

Boksi lina nini

Albamu ilitoka Julai 13, 1973, na jina lake lilikuwa Queen, basi. Oktoba 25, 2024 ikarudishwa sokoni na jina jipya, Queen I, ndani ya boksi la nguvu: CD 6, santuri 1, kitabu cha kurasa 108, na rekodi 63 kwa jumla. Kati ya hizo, 43 zimemiksiwa upya. Kuna ngoma inaitwa Mad the Swine iliyokuwa imeachwa nje 1973. Sasa imerudishwa kwa listi, pale ilipofaa kukaa tangu mwanzo.

Kama rock si mambo yako, usitoroke. Hii ni ile rock wanaita progresivu, rock ya safari ndefu. Ngoma haikai mahali pamoja. Ni kama nganya inapanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Kimende: kona, ukungu, ghafla bonde lote liko chini yako, halafu kona tena. Ngoma moja inaanza na piano ya upole, gitaa zinaingia kwa fujo, sauti zinapandana, na kabla uzoee, imegeuka kitu kingine.

Kwa nini kuimiksi upya baada ya miaka 51? Juu bendi haikuwahi kuridhika na vile dramu zilisikika. Studio ilikuwa na mtindo wake wa sauti kavu, na vijana wasio na jina wangebishana na nani? Sasa Brian May na Roger Taylor ni wazee wenye jina, wamefika wakasema sauti ikae vile waliitaka siku ile.

Freddie hakuulizwa. Alikuwa amefariki tangu 1991. Lakini kwa mimi, yeye ndiye anafanya hili boksi liwe na maana. Kuna CD ya mabaki ya studio, pale unasikia wasee wakianza wimbo, wakikosea, wakisimama, wakiongea, wakianza tena. Unasikia kijana wa miaka 25, 26 hivi akiwa kazini. Huyo ndiye nataka umjue.

Mtoi wa Stone Town

Alizaliwa Septemba 5, 1946, hospitali ya serikali pale Stone Town. Jina lake lilikuwa Farrokh Bulsara. Buda yake, Bomi, alikuwa keshia wa mahakama kuu chini ya serikali ya Waingereza. Mathe yake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, watu wa dini ya Zoroasta, ambao wahenga wao walihama Uajemi karne nyingi nyuma wakaingia India. Kwa hiyo huyu ni mtoi wa watu waliohama, waliozaa watu waliohama. Hiyo kitu ilikuwa kwa damu.

Akiwa na miaka 8 hivi, wazazi walimpakia meli wakampeleka bodingi India, shule ya St. Peter's, Panchgani. Hebu fikiria. Miaka minane, bahari nzima katikati yako na mathe, na likizo nyingi hazikutoshi kurudi nyumbani, unaenda kwa jamaa zako Bombay. Huko bodingi ndiko walianza kumuita Freddie. Huko ndiko alijifunza piano. Na akiwa na miaka 12 yeye na mbogi yake wakaunda bendi, The Hectics. Ujue kitu moja: hakuwa mwimbaji mkuu. Alikuwa msee wa piano, pale kando, meno yakimsumbua. Alikuwa na meno manne ya ziada nyuma yaliyosukuma yale ya mbele nje. Hata alipoomoka hakuyang'oa, aliogopa sauti ingebadilika.

Alirudi Unguja mwaka wa 1963. Desemba 10 mwaka huo Zanzibar ikapata uhuru. Januari 12, 1964, mapinduzi. Maelfu ya watu walikufa, wengi wao Waarabu na Wahindi. Familia ya keshia wa mahakama ya mkoloni, Waparsi juu ya hayo, haikuwa na sababu ya kungoja ione. Mwaka huo huo walihama wakaenda Uingereza. Freddie alikuwa na miaka 17.

Hapa nikwambie kitu, wewe wa Naivasha au Nakuru utaielewa bila maelezo mengi. Mwisho wa Januari 2008 nilikuwa darasa la tatu. Nilikuwa nakaa dawati moja na chali fulani, mkali wa kuchora, kila kurasa ya nyuma ya daftari lake ilikuwa na magari. Ile wikendi mji uliwaka. Tulisikia wao wamelala kwa uwanja wa kituo cha polisi na maelfu ya wengine, halafu tukasikia wamepanda lori. Shule ilipofunguliwa, daftari lake la hesabu lilikuwa bado kwa dawati. Lilikaa hapo hadi muhula ukaisha. Hakuna mwalimu alilitoa, na hakuna mtu aliuliza.

Mimi nikisikia Freddie hakupenda kuongea juu ya Unguja, sishangai kama wale wanaandika vitabu Ulaya. Wao wanaona siri. Mimi naona lile daftari.

Mitumba na mizigo

Familia ilitua Feltham, mtaa wa kawaida karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Baridi, nyumba ndogo, maisha ya kuanza upya. Freddie aliingia Isleworth kusoma sanaa, halafu chuo cha Ealing, akamaliza na diploma ya michoro mwaka wa 1969. Ganji haikuwa. Alibeba mizigo ya wasafiri Heathrow. Halafu yeye na Roger Taylor wakafungua kibanda Kensington Market wakiuza nguo kuukuu. Ndio, mitumba. Star wa dunia nzima alikuwa anaamka kupanga mitumba kwa hanga, na tofauti yake na wewe pale soko ni kwamba yeye alikuwa anazivaa zenyewe na luku yake ilikuwa kali kuliko ya wateja.

Roger na Brian May walikuwa na bendi yao inaitwa Smile. Mwimbaji wao alikuwa msee wa chuo kimoja na Freddie. Freddie alikuwa anaenda show zao na ushauri mwingi ambao hakuna mtu aliomba: vaeni hivi, simameni hivi, watu wanataka kuona kitu. Mwaka wa 1970 yule mwimbaji akatoka. Freddie akaingia, akabadilisha jina la bendi kuwa Queen, akabadilisha lake kutoka Bulsara hadi Mercury. Akachora nembo kwa mkono wake, ile elimu ya Ealing ikilipa karo yake: simba wawili, kaa, na vimalaika wawili, nyota za kuzaliwa za wote wanne. Wa nne, John Deacon wa besi, alifika 1971.

Angalia hiyo mbogi. Brian alikuwa anasomea nyota za angani hadi udaktari. Deacon alikuwa wa elektroniki. Roger alianza na udaktari wa meno. Yaani wazazi wanne walikuwa wanalia kwa nyumba nne. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nilifurahi nikisoma Brian aliacha yake pia. Halafu nikaona alirudi akaimaliza mwaka wa 2007, akiwa na miaka 60. Mathe yangu anaijua hiyo sehemu vizuri sana.

Masaa ya wengine

Mwaka wa 1971 studio moja inaitwa De Lane Lea ilikuwa inajaribu vyombo vipya na ilihitaji bendi ipige kelele. Queen wakakubali, malipo yao yakawa rekodi za bure. Nyimbo tano zilitoka hapo, na ziko ndani ya hilo boksi. Moja, The Night Comes Down, ilikuwa safi hadi ikaingia kwa albamu vile ilivyokuwa.

Halafu kampuni ya Trident ikawasaini. Studio ya Trident ilikuwa moja ya zile kali London, majina makubwa yalikuwa yanarekodi hapo. Sasa dili ilikuwa hivi: mtarekodi, lakini wakati hakuna mtu mwingine. Jina kubwa likiondoka mapema, ingieni. Likirudi, tokeni. Kwa hiyo albamu yao ya kwanza walirekodi kwa vipande, usiku na alfajiri, miezi mingi ya 1972. Ilipoisha, ikakaa. Hakuna kampuni ilikuwa na haraka ya kuitoa. Ilipotoka Julai 1973, singo yake ya kwanza, Keep Yourself Alive, haikugusa chati kabisa.

Sasa ukiweka hiyo albamu leo, sikiliza vile Freddie anaimba. Msee anayeimba kwa masaa ya kuombaomba, mchana anauza mitumba, lakini anaimba kama uwanja umejaa. Hakungoja watu wafike ndio awe Freddie Mercury. Hapo ndipo huwa nasimamisha ngoma na kuanza tena.

Kutoka hapo mambo ilienda mbio. Killer Queen iliwika 1974. Mwaka wa 1975 wakatoa A Night at the Opera, albamu ambayo Oktoba 2025, ikitimiza nusu karne, ilitolewa tena kwa santuri inayoangaza kama kioo. Ndani yake ndio kuna Bohemian Rhapsody, dakika 5 na sekunde 55. Watu wa redio walisema ni ndefu, hakuna mtu ataicheza. Kenny Everett wa redio ya Capital, London, akaicheza mara 14 wikendi moja. Ikakaa nambari moja Uingereza wiki tisa. Ile kwaya unasikia katikati ni watu watatu tu, Freddie, Brian na Roger, wakirekodi sauti juu ya sauti hadi ukanda ukachakaa ukaanza kupitisha mwanga.

Na kwenye hiyo kwaya, kati ya majina ya Kiitaliano, kuna neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Unguja hulisikia kabla ya dishi. Wasomi wamebishana miaka 50 lilitoka wapi. Mtu yeyote aliyewahi kukaa Stone Town wiki moja hawezi kubishana sana.

Pale alikosea, pale alinyamaza

Sitaki nikuuzie malaika. Oktoba 1984, Queen walienda kupiga Sun City, Afrika Kusini, wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa umeshika na wasanii wa dunia walikuwa wamesema hakuna kwenda. Walitozwa faini na chama cha wanamuziki Uingereza, wakawekwa kwa orodha nyeusi ya Umoja wa Mataifa. Chali aliyezaliwa Afrika, akipiga show pale. Hiyo haifutiki, hata ukimiksi upya.

Mwaka uliofuata, Julai 13, 1985, miaka 12 kamili tangu ile albamu ya kwanza itoke, walipanda jukwaa la Wembley kwa Live Aid, tamasha la kuchangia wahanga wa njaa Ethiopia. Walipewa kama dakika 20. Watu elfu 72 waligeuka kuwa kwaya yake. Show yao ya mwisho pamoja naye ilikuwa Knebworth, Agosti 9, 1986.

Mwaka wa 1987 alipimwa akapatikana na virusi vya Ukimwi. Hakusema. Magazeti yalimfuata hadi mlangoni, yakapiga picha za vile anakonda, na bado hakusema.

Wakati huo huo upande wetu huu, msanii wa Uganda, Philly Lutaaya, alikuwa amefanya kinyume. Mwaka wa 1989 alitoka Sweden akarudi kwao, akasimama mbele ya taifa akasema ako nayo, akazunguka mashuleni na makanisani akiimba na kuonya watu. Wengine walidai anadanganya apate pesa. Alifariki Desemba mwaka huo huo. Ukiweka hao wawili pamoja ni rahisi kusema mmoja alikuwa jasiri, mwingine mwoga. Mimi siwezi. Lutaaya alikuwa na nyumbani pa kurudi kusema. Freddie alikuwa na jina alilojiundia na nyumba yenye ukuta mrefu Kensington. Kwao Unguja, wengi walikuwa wameshamhukumu kwa wale aliowapenda, kabla hata ya ugonjwa. Angesimama wapi?

Kitu alifanya ni kurudi studio. Mwaka wa 1991, akiwa amebaki mifupa, alikuwa Montreux, Uswisi. Siku akiamka na nguvu anapigia wenzake, wanarekodi. Siku hana, hakuna. Aliwaambia wampe chochote cha kuimba, wao watamalizia baadaye. Wimbo wa mwisho aliogusa ni Mother Love. Alirekodi mistari yake hadi akahitaji kupumzika, akasema ataimaliza akirudi. Hakurudi. Ubeti wa mwisho ukaimbwa na Brian May, na wimbo ukatoka 1995 kwa albamu ya Made in Heaven.

Unaona hiyo? Alianza na masaa yaliyobaki ya studio. Akamaliza na masaa yaliyobaki ya mwili. Na mara zote mbili aliyatumia vile vile, bila kupunguza sauti.

Novemba 23, 1991 alitoa taarifa kwamba ana Ukimwi. Kesho yake jioni akafariki, miaka 45. Mazishi yake yaliongozwa na makuhani wa Zoroasta, dini ya Bomi na Jer, ambao walikuwa hapo kumzika mtoto wao. Majivu yake yako mahali ambapo Mary Austin, mpenzi wake wa zamani na rafiki wa maisha yote, hajawahi kusema. Bohemian Rhapsody ilitolewa tena ikafika nambari moja mara ya pili, na pesa zikaenda kwa shirika la kusaidia wagonjwa wa Ukimwi.

Sasa ni wa nani?

Mwaka wa 2006, kuna wasee walipanga pati Unguja ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe. Kikundi cha kidini kikapinga vikali, kikasema mtu kama huyo ni aibu kwa kisiwa. Mwaka wa 2019 jumba lake la makumbusho likafunguliwa Shangani, kwa barabara inaitwa Kenyatta. Watalii wanapanga laini. Kwa hiyo kisiwa kimoja kinamkataa na kinauza tiketi zake. Usicheke sana, sisi pia tuko na wetu tunaowafanyia hivyo.

Sikuambii ununue boksi. Bei yake ni ya watu wenye santuri kejani, na mimi na wewe tunajuana. Albamu iko mtandaoni. Usiku mmoja wakati mtaa umetulia, vaa spika za masikio. Anza na The Night Comes Down, ukijua hao ni vijana wanajaribu vyombo vya wenyewe bure. Kisha Great King Rat, usikie nganya ikipanda mlima. Halafu ruka miaka yote, nenda moja kwa moja hadi Mother Love. Ukifika pale sauti inabadilika kutoka ya Freddie hadi ya Brian, utajua. Huhitaji kuambiwa.

Na yule chali wa dawati langu, kama uko mahali unasoma hii: daftari lako lilikuwa na gari jekundu kurasa ya mwisho, hukumaliza kupaka rangi magurudumu. Natumai ulichukua lingine ukaendelea.